Vumbi Jekundu la Njoro

Ukikatiza shamba la ngano iliyoshikwa na kutu, utatokea upande wa pili suruali ikiwa na rangi ya tofali kuanzia magotini kwenda chini. Ukijipangusa kwa kiganja, kiganja nacho kinakuwa chekundu. Vumbi hilo ni chembe za ukungu uliopasua ngozi ya shina na kumwagika nje kwa wingi usiohesabika, nazo zinangoja upepo tu. Punje zilizokuwa zikijaa maziwa wiki chache zilizopita husinyaa zikabaki makapi, na shina lililodhoofika hulala chini kabla kombaini haijafika.

Njoro, mwendo mfupi wa gari magharibi mwa mji wa Nakuru, wamelijua vumbi hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Mashamba ya masetla wa kwanza lilikwisha kuyatembelea kabla hata Nakuru haijawa mji wa kutajika. Baadaye lilijengewa kituo chake cha utafiti. Na leo, jambo la kushangaza kidogo, linafugwa pale kwa makusudi, linatunzwa na kulishwa kama ng'ombe wa maziwa.

Historia ya kilimo cha Bonde la Ufa huwa inasimuliwa kupitia ardhi: nani aliipora, nani alifukuzwa, nani aliinunua baadaye na kwa pesa za nani. Hakuna awezaye kuikwepa habari hiyo, nami sitaikwepa. Ila nikitazama miaka hii mia na ishirini, naona mkono mwingine uliokuwa ukiamua mambo huku wakubwa wakidhani wanaamua wao: ukungu, kupe, virusi, bakteria, hata upungufu wa chembe ya madini kwenye nyasi.

Kwanza lakini mtu ainue macho aione ngazi yenyewe. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ziwa la magadi likiwa miguuni pake na volkano ya Menengai mgongoni. Ukielekea magharibi unaanza kupanda. Njoro ni zaidi ya mita 2,100. Molo inakaribia 2,500, na huko asubuhi mtu hutoka nje na koti zito hata jua likiwaka. Mau Narok iko juu zaidi. Kila kidato cha ngazi kina baridi yake, mvua yake na zao lake. Chini, upande wa Rongai na Solai, ni mahindi na mkonge, na kahawa hapa na pale. Njoro ni ngano. Molo ni viazi, pareto na kondoo. Mau Narok ni shayiri ya kutengenezea bia, na ngano tena. Naivasha, iliyo katika kivuli cha mvua cha milima ya Nyandarua, isingekuwa na kilimo cha kutajika lau si ziwa lake la maji matamu. Kuanzia miaka ya 1970 maji hayo yamelea maua yanayosafirishwa Ulaya kwa ndege, habari inayotosha kuandikiwa makala yake peke yake.

Ukivuka mgongo wa Mau kwenda magharibi unaingia kwenye chai ya Kericho. Ukipita Timboroa unateremkia mahindi na ngano ya Uasin Gishu na Trans Nzoia. Ukishuka kusini unafika Narok, kwenye mashamba mapana ya ngano yaliyofunguliwa baada ya uhuru kwenye malisho ya Wamaasai. Kwa kuwa kiasi cha asilimia 80 ya eneo la Kenya ni kame au nusu kame, nyanda hizi za juu zimebebeshwa mzigo mkubwa kuliko ukubwa wake, na Nakuru imekaa katikati yake kama jiko katikati ya nyumba.

Tuanze na sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe ulishuka kutoka kaskazini ukaingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufagia mifugo. Ndui na njaa zikafuata. Wamaasai, waliokuwa wakichunga kuanzia Naivasha hadi Nakuru na juu Laikipia, walibaki wachache na wanyonge kwa muda. Ni katika muda huohuo reli ilipoingia. Ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900, na mwisho wa 1901 ikawa imeshagusa Ziwa Viktoria. Wazungu waliochungulia madirishani mwa treni waliona nyasi tele na watu haba, wakasema ardhi haina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa amefiwa na ng'ombe.

Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart alitia sahihi mkataba na Olonana na viongozi wengine wa Wamaasai. Waliondoka bondeni, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 Laikipia nayo ilitakiwa, na Parsaloi Ole Gilisho na wenzake walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ilitupwa kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa kama wa dola na dola, kwa hiyo mahakama haina la kusema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akahamishwa.

Mgeni mashuhuri kuliko wote alikuwa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, aliyeziona nyanda hizi kwa mara ya kwanza mwaka 1897 katika safari ya kuwinda iliyoanzia Somalia. Alirudi, na mwaka 1903 akapewa Njoro ekari 100,000 kwa kodi ya miaka 99, pauni 200 kwa mwaka. Shamba akaliita Equator Ranch. Aliingiza kondoo na ng'ombe wa kigeni, akajenga, akaajiri. Kisha akaanza kuzika.

Kondoo walidhoofika katikati ya majani yaliyowafika tumboni. Ng'ombe walikonda, manyoya yakasimama, wakafa. Masetla waliupa ugonjwa huo jina linalotokana na Nakuru yenyewe, kana kwamba mji ndio uliowaroga. Miaka mingi ilipita kabla wataalamu hawajabaini kwamba udongo huu wa majivu ya volkano umepungukiwa na kobalti, madini ambayo mnyama huyahitaji kwa kiasi kidogo mno, lakini akiyakosa hanenepi hata ukimlaza juu ya nyasi. Mfugaji anayehama hapatwi kirahisi na tatizo la namna hii. Mifugo yake hula huku mwezi huu na kule mwezi ujao, ikilamba chumvi njiani. Ni uzio uliolifanya jambo hilo kuwa maradhi. Juu ya hayo kukaja homa ya mapafu, kukaja ndigana ya kupe. Delamere akahamishia mifugo yake Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita, na Njoro akaigeuza kuwa ya ngano.

Ngano ilimea vizuri ajabu. Hilo ndilo lililomdanganya, na lingemdanganya yeyote. Mnamo 1909 alikuwa na ekari 1,200 alizozitegemea kumtoa kwenye madeni, na mavuno hayo yakaharibika. Kutu ilikuwa imefika. Hewa ya Njoro, yenye usiku wa baridi, umande mzito na mchana wa jua la wastani, ndiyo hasa kutu ya shina huitaka. Tena hapa hakuna theluji. Kule Ulaya na Kanada baridi kali hulifuta shamba kila mwaka na kuuvunja mzunguko wa ukungu. Huku juu ya Mau daima kuna jani bichi mahali fulani, ngano ya msimu huu au mabaki yaliyojiotea ya msimu uliopita, na kutu haikosi pa kulala.

Simwandiki Delamere kama shujaa, kwani ardhi aliyojaribia haikuwa yake na mikono iliyolima ilipata kidogo sana. Lakini ukaidi wake ulizaa kitu. Mwaka 1908 alikuwa ameshaanzisha kampuni ya kusaga ya Unga Limited, na kinu bila ngano ni sanduku la mawe. Akamwajiri mtaalamu wa mbegu, G. W. Evans, wakaanza kuchanganya aina za ngano za Italia, Misri na Australia, wakitafuta moja tu itakayosimama. Walipata kadhaa zilizosimama kwa miaka michache. Kisha kutu ikajibadili, zikaanguka, kazi ikaanza upya. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ilifungua Njoro kituo cha kuzalisha mbegu, na kuanzia hapo kupokezana zamu kati ya mtaalamu na ukungu kukawa kazi ya mshahara.

Kituo hicho kipo hadi leo chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Mbegu zake kwa miongo mingi zilipewa majina ya wanyama: Kenya Kongoni, Kenya Nyati, Kenya Swara, Kenya Popo, Kenya Paka, Kenya Chiriku. Ipo hata Kenya Nyangumi, nyangumi aliyeoteshwa futi elfu saba juu ya bahari.

Nyuma ya mashamba hayo ya wazungu kulikuwa na kilimo kingine kisichoandikwa kwenye vitabu vya hesabu. Setla alikuwa na ardhi asiyoweza kuilima yote, wala hakuwa na pesa za vibarua. Kwa hiyo familia za Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, pamoja na Wakalenjin na wengine, zilikaribishwa zikae, zilime kipande chao, zichunge mifugo yao, na kama malipo ya kipande hicho zifanye kazi ya mwenye shamba. Ndio walioitwa maskwota. Katika vipande vyao walipanda mahindi, maharagwe na viazi, wakafuga mbuzi na ng'ombe, na wengine kwa miaka kadhaa wakawa na mali kuliko mzungu aliyewaandika kazi, maana hawakuwa na deni benki.

Hali hiyo haikuvumiliwa. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka watoe siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Kisha, miaka ya 1920, likaja walilolibatiza wenyewe kifagio: mifugo yao ikafagiliwa, ikauzwa kwa bei ya kutupa au kuondolewa kwa amri. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa magonjwa, kwamba ng'ombe wa skwota wataambukiza ng'ombe wa gredi. Kupe na homa vilikuwepo kweli. Ila mwenye mifugo mingi hana haja ya kuuza siku zake 180, na hilo halikuandikwa kwenye amri. Sheria ya 1937 ilizidi kukaza kamba. Waliohamishiwa Olenguruone, juu ya Mau, kuanzia 1941 walipewa masharti ya kilimo waliyoyakataa, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa. Kiapo kilichoanza kuliwa huko na familia nzima, wanawake na watoto wakiwemo, kilishuka kikaenea bondeni, na yaliyofuata ni historia ya Mau Mau.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulishusha bei ya ngano na mahindi hadi chini ya gharama. Delamere mwenyewe alikufa mwaka 1931 akiacha madeni makubwa. Katika unyonge huo ndipo Molo na majirani zake walipogeukia ua dogo jeupe lenye kitovu cha njano.

Pareto lilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Ndani ya ua lake mna sumu ya wadudu isiyomdhuru mtu sana. Linataka baridi; chini kwenye joto linaota majani tu likasahau kuchanua. Halihitaji kombaini wala trekta, linahitaji vidole. Maua huchumwa kila baada ya wiki mbili tatu, hutandazwa juani yakauke, kisha hupelekwa kiwandani kukamuliwa. Kwa hiyo lilikuwa zao la mwenye vibarua wengi na, baadaye, zao la mwenye watoto wengi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Japani ndiyo iliyoongoza duniani. Vita ilipolifunga soko la Japani, majeshi ya Muungano yaliyokuwa yakipukutishwa na malaria yalitaka dawa ya kupuliza mbu, nayo ikatoka kwenye vilima hivi. Kenya ikashika uongozi na kwa miongo kadhaa ikawa inatoa sehemu kubwa ya pareto yote ya dunia, kitovu chake kikiwa Nakuru, kwenye bodi na kiwanda chake.

Tarehe 12 Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta alikuja Nakuru kuzungumza na masetla. Walikuja ukumbini wakiwa na hofu na wakatoka wakipiga makofi: aliwaambia wabaki, walime, wote wasameheane yaliyopita. Wengine walibaki. Wengi waliuza, kupitia mpango wa ekari milioni moja au moja kwa moja kwa makampuni ya kununua ardhi, ambamo maskwota wa zamani, wafanyakazi na wafanyabiashara walichanga hisa. Ngwataniro Mutukanio na Ndeffo ni majina ambayo mzee yeyote wa Nakuru atakusimulia hadi chai ipoe. Shamba la ekari elfu likagawanywa vipande vya ekari mbili, tatu, tano. Nani alistahili kupata na nani aliachwa nje ni swali lililorudi kwa moto na mishale mwaka 1992, 1997 na 2007 hadi 2008, Molo na Kuresoi zikiumia zaidi, maghala yakiungua na mahindi yakiozea shambani kwa kukosa mwenyewe.

Kugawanywa huko ndiko kulikoibadilisha ngazi. Ngano ya ekari mbili haimlipi mtu. Mwenye kombaini hataki hata kuigeuzia hapo. Ngano ikabaki kwa wakubwa na ikahamia Narok, na Kenya leo huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoila. Pareto liliwafaa wadogo, likawalipia karo na mabati, mpaka miaka ya mwanzo ya 2000, malipo yalipoanza kuchelewa miezi, kisha miaka. Wakulima waling'oa. Hapo hapakuwa na mdudu wala ukungu wa kulaumiwa. Sheria mpya ya 2013 ilifungua biashara hiyo kwa kampuni nyingine, na pareto limerudi katika baadhi ya mashamba, ila si kwa weupe ule wa kufunika vilima.

Kilichobaki vipandeni ni kile maskwota walichokuwa wakilima tangu mwanzo: mahindi, maharagwe, viazi. Kiazi sasa ndicho zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi. Aina inayotawala Molo na Kuresoi ni Shangi, mbegu ambayo wakulima wenyewe waliisambaza mkono kwa mkono kabla haijaandikishwa rasmi. Inakomaa kwa kama miezi mitatu, inaiva upesi jikoni, na ubaya wake ni kuchipua haraka, hivyo haimruhusu mwenyewe kungoja bei. Mnunuzi anajua hilo. Anakuja na gunia lililoongezewa kilemba cha wavu juu, lumbesa, likabeba zaidi ya kilo mia na kulipwa kama gunia moja. Sheria ya kilo 50 ipo. Lumbesa nalo lipo. Na kwa kuwa mbegu hupita mkono kwa mkono, mnyauko wa bakteria hupita nazo, shamba hadi shamba.

Turudi kwenye ngano, maana kutu haikuwa imemaliza.

Mbegu za Njoro zilikuwa zimesafiri mbali. Miaka ya 1940, mtaalamu wa Kimarekani Norman Borlaug, akifanya kazi Mexico, alitafuta damu yenye kustahimili kutu ya shina na akaipata katika ngano za Kenya. Moja ya mbegu alizozitoa iliitwa Kentana, jina lililounganishwa Kenya na Mentana ya Italia. Kutoka katika kazi hiyo ya Mexico zilitokea ngano fupi zilizopelekwa India na Pakistani miaka ya 1960, na mwaka 1970 Borlaug akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kutu ya shina ikawa imesahaulika karibu kote duniani. Vijana waliosomea magonjwa ya mimea walimaliza chuo bila kuiona shambani.

Mwaka 1998, Uganda, kutu hiyo ilionekana kwenye ngano iliyobeba kinga ambayo dunia nzima ilikuwa imeiegemea. Ikaitwa Ug99. Miaka michache baadaye ilikuwa Njoro, kisha Ethiopia, na kufikia 2007 ilikuwa imefika Yemen na Iran. Walipopima, walikuta kiasi cha asilimia 80 hadi 90 ya ngano inayolimwa duniani haina kinga dhidi yake. Borlaug, akiwa amepita miaka 90, alikuja Kenya mwaka 2005 kupiga kelele, na jumuiya ya wanasayansi ikaundwa. Pa kupimia mbegu palikuwa panajulikana: mahali ambapo ugonjwa haukosi kuja, mwaka mzima, bila theluji ya kuufuta. Laana iliyomla Delamere ikawa sifa.

Tangu hapo, mara mbili kwa mwaka, maelfu ya vifurushi vya mbegu hufika Njoro kutoka India, Mexico, Marekani, Ethiopia na kwingineko ili zipandwe, ziugue na zihesabiwe. Chache zinazosimama hurudi makwao. Wakenya nao walipata zao. Robin na Eagle10 ni miongoni mwake.

Jambo hilohilo limejirudia ngazi za chini. Septemba 2011 mahindi ya Bomet yalianza kukauka kuanzia majani ya katikati, gunzi likatoka bila punje. Vilikuwa virusi viwili vikishirikiana. Ugonjwa ukapanda na kushuka bonde zima, na mwaka 2013 kituo cha kuupima kikafunguliwa Naivasha, kikiendeshwa na watafiti wa Kenya pamoja na wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kutoka Mexico. Huko nako mahindi huambukizwa virusi kwa makusudi, safu kwa safu.

Njoro hutumia sindano. Kando ya kila kitalu hupandwa mistari ya ngano isiyo na kinga kabisa, ya kuwa kuni za moto huo. Siku ikifika, wafanyakazi huinama mstarini na kudunga shina moja moja maji yenye chembe za kutu, kisha hungoja. Baada ya wiki kadhaa wanapita tena kati ya mistari na daftari, wakiandika kila kitalu kimeugua kwa kiasi gani, na jioni wanatoka shambani suruali zikiwa nyekundu kuanzia magotini.